Kikohozi cha Baba Mkwe

Wewe uliye kwenye benchi la hospitali, umekaa na mtu wako anayebishana na ukuta, ndiye ninayesema nawe. Wengine mnaruhusiwa kusikiliza, lakini msicheke mpaka niwaambie chekeni.

Mimi sikusoma. Anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemwambia asininyooshee maneno. Yeye ndiye kanitajia jina la ugonjwa wenyewe, skizofrenia. Nikamwambia, mjukuu wangu, hilo si ugonjwa, hilo ni jina la Mgiriki mwenye shamba la tumbaku kule Iringa. Akacheka peke yake. Sisi wakati ule, kabla ya Uhuru, tulikuwa na neno moja tu, kichaa. Na neno hilo ni kama blanketi la jela, chafu, moja, linamtosha kila mtu.

Nimezaliwa Mlandege, Iringa mjini. Mama yangu aliuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, na watu walikuja kunywa ulanzi na kunisikiliza mimi. Naiga watu. Tangu mdogo naiga. Mwarabu wa duka namuiga, karani wa boma, padri, na mbuzi wa padri. Niache na mtu muda wa kumenya ndizi, nakurudishia mtu mzima na pua yake. Kuna sauti moja tu siigi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Baba Tumpe alikuwa dereva wa lori, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu. Alikuwa anapita Iringa na mchele wa Chimala. Akasimama kwetu, akanywa, nikamuiga yeye mwenyewe anavyobembeleza lori lipande mlima, "twende mama, twende mama, usinitie aibu," akacheka mpaka akamwaga ulanzi. Akanioa. Nikapelekwa kwao, kwenye migomba, mvua asubuhi, mvua mchana.

Sasa kule kwao, miaka ile, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Hamwoni kabisa. Humtazami, hutaji jina lake, hupiti njia anayopita. Yeye akija anakohoa huko mbali, na wewe ukisikia tu, unaacha chungu, unaacha mtoto, unaingia migombani unageuza mgongo na kujifunika kanga mpaka apite. Mimi binti wa kilabu cha ulanzi, niliyezoea kuwatazama wanaume wakilewa, nikafundishwa kukimbia kikohozi. Nikajifunza. Kilikuwa kifupi mara mbili, halafu kirefu kimoja kama mtu anaburuta kiti. Miaka mitatu sikujua baba mkwe wangu ana sura gani. Nilijua kifua chake tu.

Nilipomzaa Tumpe, mtoto akiwa bado wa kunyonya, kile kikohozi kikazidi. Asubuhi kinakohoa, nakimbia. Nikirudi kwenye chungu, kinakohoa tena, nakimbia. Mchana, nikiwa nateka maji, kinakohoa nyuma ya sikio. Halafu kikaanza kusema. Kinasema, huyu anakaa vibaya. Huyu anamtazama mzee. Huyu ananyonyesha kwa mkono wa kushoto. Nikawa nashinda migombani, kanga kichwani, mtoto kifuani, nanyeshewa mvua.

Na unajua walisemaje? Mama mkwe wangu ulimi wake haukuwa na ze, kila ze kwake ilikuwa se. Alikuwa akiwaambia majirani, na nilikuwa namsikia vizuri kutoka migombani, "Mkwe wetu msuri sana. Ana heshima sa samani. Hata kama msee hayupo, yeye anajificha."

Hata kama mzee hayupo. Soma tena hapo, wewe wa kwenye benchi. Mtu anamkimbia mtu ambaye hayupo, mchana, mvuani, na mtoto mchanga, na kijiji kizima kinamsifu. Wanawake walileta mabinti wao waje waone mfano. Nilikuwa nimekonda, maziwa yamekauka, nimeacha kuoga kwa sababu maji yalikuwa yanasema, nao wanasema tazameni heshima. Msimu mzima hivyo, kuanzia mvua za kwanza mpaka watu wamevuna. Hapo nikikumbuka huwa natamani kupiga mtu. Hata leo, na goti hili.

Baba Tumpe alikuwa anakuja na lori na kuondoka na lori. Nilimwambia siku moja, baba yako ananisema hata ukiwa hapa, husikii? Akasikiliza, halafu akatabasamu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Wewe bwana, kwa kuigiza sina hamu na wewe." Alidhani naigiza. Nilikuwa nazungumza na kile kikohozi mbele yake, nakijibu, nakiomba kinyamaze, na yeye anacheka anapiga paja. Hicho ndicho kipaji changu kilichonifanyia. Mwingine akiongea peke yake, watu wanajua anaumwa. Mimi nikiongea peke yangu, watu wanavuta kigoda.

Siku kilipovunjika kila kitu, ilikuwa mchana, watu wamekaa wanachambua maharage. Ile sauti ikaniambia inuka, sema nitakachosema, usiposema mtoto anakufa. Nikainuka. Nikatoka migombani, nikafunua kichwa, nikamwamrisha mama mkwe aniletee maji ya kunawa, kwa sauti ya mume wake, niliyokuwa naisikia kwa mbali tu kutoka migombani, na kikohozi chake kamili. Ungeona. Maharage yalimwagika yote. Mke wa mtoto, ambaye hatakiwi hata kutaja jina la baba mkwe, amembeba mzee mzima mdomoni.

Hapo heshima ikaisha. Saa hiyo hiyo nikawa mchawi, mwizi wa sauti. Wakasema nimeiba sauti ya mzee na mzee atakufa. Wakamchukua Tumpe mikononi mwangu. Wakaita mganga, akaja mtu mfupi ananusa nusa kama mbwa aliyepotea, akasema, "Huyu ana watu wawili, tumtoe mmoja." Nikamuuliza, utajuaje umemtoa yupi? Akakasirika. Mguu wangu ukatiwa kwenye gogo lililotobolewa, wakapigilia kijiti juu usitoke. Na kwa sababu mimi ni Mhehe, na watu wanasema Mhehe akiudhika anatafuta kamba ajinyonge, wakaficha kamba zote za nyumba. Mbuzi wakakosa pa kufungwa, wakala mahindi ya jirani, ikawa kesi nyingine. Hapo mnaweza kucheka. Mimi nilicheka hata siku ile, na nilipocheka wakaongeza kijiti.

Nikakaa kwenye gogo mpaka baridi ya mwezi wa saba. Kifundo kilivimba, kikatoa usaha, kikawa na nzi wake. Alama ninayo, huwa naifunika na soksi nikienda harusini.

Aliyenitoa ni mama yangu. Habari ilifika Mlandege na lori, kama mchele. Akaja amesimama juu ya magunia njia nzima, mwanamke aliyekuwa anaogopa hata baiskeli. Akaingia uani, akasalimia kikwao, "Ugonile," vibaya, kama amemeza kijiko, akatazama gogo, akatazama mama mkwe. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimekuja kuchukua mzigo wangu. Na mdogo pia."

Wakamwambia mkubwa achukue. Mdogo ni wa ukoo. Atakapopona mama yake, wazee watakaa.

Kutoka siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Sikutaka kupona kwa ajili ya kupona. Nilitaka wazee wakae.

Tukaanza na hospitali ya Mbeya. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu cha ndoa. Siku ya kwanza tulikaa mpaka jua linageuka, watu wanahama benchi wakituona, tukabaki mimi na mama na nafasi ya watu kumi. Mama akasema angalau tumepata hewa. Mwishowe mzungu akaniita. Kiswahili chake alikipata kwa mpishi wake. "Wewe nasikia sauti?" Nikasema ndiyo. "Sauti ngapi?" Nikasema moja, lakini inakohoa. Akamgeukia dresa, yule mfunga vidonda, "Yeye naumwa kifua?" Wakanipima kifua. Tukarudi kwenye benchi. Siku ya tatu ndiyo mama alimshika koti, akamwambia kifua anaumwa mtu mwingine, huyu anaumwa kusikia. Ndipo wakaandika karatasi ya kwenda hospitali ya vichaa, mbali, ng'ambo ya Iringa, kwenye vumbi.

Huko sitasema mengi. Walininyoa. Walinipa gauni la kaniki lisilo na kifungo. Kulikuwa na dawa ya maji inayonuka mpaka jasho lako linanuka, unalala kama mfu. Na kulikuwa na umeme. Wanakulaza, wanakutia kitambaa mdomoni, na ukiamka kichwa kimefagiliwa. Wamefagia na takataka na vyombo. Baada ya mara ya nne, niliamka nikajua nina mtoto, nikajua nataka mtoto, na jina lake silijui. Nimekaa ukingo wa kitanda natafuta jina la mtoto wangu kama natafuta sindano. Umewahi kukasirika bila kujua umemkasirikia nani? Nilipiga ukuta.

Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja wa Chimala, Msangu, aliyekuwa muuza mchele. Yeye alikuwa anasikia mashine za kukoboa zinamsema. Akanitazama nikipiga ukuta, akasema, taratibu, kama anapima kibaba, "Tumpe. Uliniambia nikuwekee. Mtoto anaitwa Tumpe."

Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Mama huyo ndiye aliyenifundisha dawa ambayo daktari hakuwa nayo. Tulikuwa tumekaa ukutani, tunaota jua la asubuhi, nikaona ameinamisha kichwa pembeni. Akaniuliza, "Umesikia?" Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akaendelea kuchambua nywele zake ambazo hazipo. Basi. Akaniambia mkataba ni huo. Mimi nikiuliza umesikia, wewe jibu ndiyo au hapana. Usicheke, usinihurumie, usiniambie Mungu yupo. Ndiyo au hapana.

Kile kikohozi kilipokuja, nikamuuliza, umesikia? "Hapana." Na kikija tena, umesikia? "Hapana, na tafadhali nishikie gauni lisifunguke." Kilikuwa bado kinakohoa, usidhani kiliondoka. Lakini sasa nilijua ni changu. Mtu anaweza kuishi na mbwa mkali akijua kafungwa wapi.

Mvua zilikuja na kupita mara mbili. Mwishoni mwishoni vikaja vidonge vipya. Hivyo vilisaidia, sitasema uongo, sauti ikaenda mbali kama redio ya jirani. Lakini mwili haukuwa wangu. Nilinenepa mpaka pete ikakatwa kwa msumeno. Mikono ilitetemeka, uji unafika mdomoni nusu. Jua liliniunguza ngozi kama mzungu. Na ulimi ukawa mzito kama kisigino, sikuweza kuiga mtu. Ulikuwa ukimya ambao sijawahi kuujua. Halafu siku moja, ulimi ukalegea kidogo, na mzungu wa pale alipopita na kalamu zake nikasema nyuma yake, kama yule wa Mbeya, "Yeye nasikia sauti? Sauti ngapi?" Wodi nzima ikacheka, hata yule aliyekuwa hajasema neno tangu nifike. Nikafurahi, nimerudi. Nesi akaandika kwamba mgonjwa anaongea kwa sauti za watu, ugonjwa umerudi. Wakaniongezea vidonge. Miezi mingine mitatu, kwa sababu nilichekesha.

Ndiyo maana nasema nina hasira. Nilipoumwa walidhani naigiza, nilipoigiza walidhani naumwa. Nilikaa miaka kati ya vitu hivyo viwili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.

Nikarudi Mlandege na karatasi inayosema nina nafuu. Ulikuwa msimu wa ulanzi, kilabu kimejaa. Mama alinipa kazi ya kuosha vikombe. Wateja wakawa wanavuta miguu nikipita, na vikombe wakavikagua. Mama akasema anayeogopa kikombe anywe kwa viganja. Nikikwama, namtazama, namuuliza, mama umesikia? Mara ya kwanza alilia. Nikamwambia usilie, hilo halimo kwenye mkataba. Akajifunza. "Hapana, mwanangu. Osha kile cha pembeni."

Mvua zilipokatika, tukapanda lori kwenda kuwaomba wazee wakae. Tumpe alikuwa na miaka minne.

Walikaa uani, mahali palepale pa maharage. Mama mkwe, baba Tumpe, na wazee watatu. Mtoto amesimama kati ya magoti ya bibi yake ananitazama kama natoka kwenye picha. Karatasi ikasomwa. Mzee mmoja akasema karatasi haikohoi, tutajuaje. Mama mkwe akasema, "Tunaogopa. Msee ni mtu msima, alibebwa mdomoni." Baba Tumpe anatazama viatu vyake. Nimekuambia wewe wa kwenye benchi usiwe na hasira na mgonjwa wako, lakini na mtu anayetazama viatu una ruhusa.

Sijakuambia hivyo? Basi nakuambia sasa.

Hapo hapo, nyuma ya migomba, kikohozi. Kifupi mara mbili, kirefu kimoja, kama mtu anaburuta kiti.

Wote wakageuza macho kwangu, na nikaona mtego wote mara moja, ulivyo. Nikikimbia, watasema amerudia kujificha, bado anaumwa. Nikikaa, watasema hana heshima, bado anaumwa. Na mimi nilikuwa na mtego wa tatu ambao wao hawakuujua. Sikujua kama kuna mtu aliyekohoa.

Mama yangu alikuwa ameketi mbali, mlangoni, na sikio lake moja halikuwa zima. Kwa hiyo nikafunika kichwa na kanga, nikageuzia uso ardhini palepale nilipokaa, ili heshima iwepo, na nikamuuliza mama mkwe, "Mama, umesikia?"

Sasa ona mwanamke huyo. Angesema ndiyo, basi mimi nina masikio mazuri na mtoto ni wangu. Angesema hapana, angekuwa anamkana mume wake mchana. Akamvuta mtoto karibu zaidi na magoti yake.

Nikamuuliza baba Tumpe. "Umesikia?" Viatu.

Nikauliza mara ya tatu, sikumtaja mtu. Sauti yangu mwenyewe, si ya mtu mwingine, na ilitetemeka kwa vidonge. Nikasema nauliza tu, ndiyo au hapana. Kuna mtu amekohoa hapa?

Nyuma ya migomba mzee akasema, "Ndiyo. Nimekohoa mimi."

Alikuwa hajawahi kusema neno mbele yangu, wala hakutakiwa. Akaendelea, kwa lugha yao, taratibu, nami nilikuwa nimeshaijua. Akasema leo nimekohoa mimi. Mwaka ule sikukohoa. Mwaka ule nilikuwa Kyela kwenye mpunga, mvua zote mpaka mavuno, na kila mtu hapo anajua. Mlikuja kuniambia mkwe wako anakuheshimu, anajificha hata ukiwa Kyela. Nikafurahi. Nikajua hakuna mtu anayejificha hivyo, nikafurahi hivyo hivyo, nikanyamaza. Halafu akasema, "Mpeni mtoto wake."

Nikasikia miguu yake inaondoka.

Watu wananiambia, bibi, si alikuokoa? Aliniokoa. Lakini mwenyewe alisema, nikafurahi, nikanyamaza. Mguu wangu ulikaa kwenye gogo kwa sababu ya mzee aliyefurahi akanyamaza. Namshukuru na nina hasira naye, vyote viwili, na vyote nimevibeba mpaka leo bila kimoja kumwaga kingine. Sura yake nilikuja kuiona siku ya kumzika. Mtu mdogo tu, masikio makubwa.

Mjukuu wangu ananiuliza, sasa umepona? Nimezoea kumeza. Mara mojamoja, hasa mvua zikianza, kinakohoa huko mbali. Namuuliza yeye, umesikia? Ananijibu hapana bila kuinua kalamu. Hiyo ndiyo dawa ninayokuachia, wewe wa kwenye benchi. Vidonge ampe daktari. Wewe mtu wako akikuuliza umesikia, mjibu. Na usimsifu kwa kitu kinachomuua kwa sababu tu kinakupendeza.

Siku ile tulirudi kwa lori. Tumpe amekaa kwenye gunia kati yangu na mama, hajasema neno tangu Tukuyu. Tumepita Chimala, tumepita mashamba ya mpunga, mimi nimetazama mbele. Mara nyuma ya sikio langu, kifupi mara mbili, kirefu kimoja, kama mtu anaburuta kiti.

Mkono ukaanza kutafuta kanga. Nikamgeukia mtoto, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, nikamuuliza, "Umesikia?"

Akanitazama kwa macho ya kwetu, macho ya Mlandege, ya mtu aliyemshika mtu na pua yake.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nimekohoa mimi."

Haya. Sasa chekeni.